Shajara ya Hilux: upepo uliokaa kwenye masta ya breki

Jumamosi asubuhi: kuisoma pedeli

Pikapu ni Hilux LN106, ile ya ekseli nzima mbele, injini ya dizeli ya 3L, disk mbele na dramu nyuma. Kazi yake ni kushusha kabichi, karoti na viazi kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, halafu Tanga mjini. Mwenye nayo ni shemeji yangu. Imetoka gereji nyingine ikiwa imefungwa masta silinda mpya ya breki, ile silinda kuu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli, na maelezo aliyopewa ni kwamba upepo umetolewa kwenye mafuta ya breki ya magurudumu yote manne. Lakini ukikanyaga, pedeli inashuka mpaka karibu na sakafu. Ukipampu mara ya pili inapanda, ya tatu inapanda zaidi, na hata ikiwa juu bado inanesa chini ya unyayo.

Mafundi wengi wakikuta hali hii hurudi kwenye magurudumu. Wanapitisha chupa baada ya chupa ya mafuta ya breki kwenye nipo, vile vichuchu vya kutolea upepo kwenye kila gurudumu, pedeli inapata nafuu kidogo, gari linaondoka, na baada ya siku chache linarudi. Mradi huu nimeuanza na msimamo mmoja: upepo ukiwa ndani ya masta yenyewe, magurudumu hayatautoa. Kazi inaanzia juu, na magurudumu yanafuata.

Kabla ya spana, mguu. Pedeli inayonesa na kupanda kadiri unavyopampu inakuambia kuna upepo. Pedeli inayoshuka sana lakini ikifika mahali pake ni ngumu, na ukipampu mara moja tu inapanda ikiwa ngumu vilevile, mara nyingi ni shuu za nyuma, yaani viatu vya breki vinavyosukumwa kugusa dramu, zimekaa mbali na dramu. Pedeli ambayo ukiishikilia inazama polepole, na huku hakuna panapovuja nje, ni mipira ya ndani ya masta inapitisha mafuta. Hii ya kwetu inanesa, na nikiishikilia haizami. Dramu nitazikagua zikifika zamu yake, ila dalili kubwa ni upepo.

Kuna jaribio linaloondoa ubishi. Nilimketisha mpwa wangu kwenye usukani, injini imezimwa, nikafungua kifuniko cha kikopo cha mafuta na kusimama pembeni na miwani machoni. Madigadi nilikuwa nimeyafunika matambara yaliyoloweshwa maji, maana mafuta ya breki yanakula rangi.

“Pampu harakaharaka. Endelea, endelea. Sasa shikilia.”

“Nimeshikilia, mjomba.”

“Achia kwa ghafla.”

Mafuta yaliruka kutoka kwenye kikopo na kutapakaa kwenye matambara. Mfumo usio na upepo hutoa wimbi dogo tu juu ya mafuta pedeli ikirudi. Yanaporuka namna hii, maana yake kuna upepo uliobanwa ulioachiwa ghafla na kuyasukuma mafuta kurudi kwenye kikopo kupitia tundu dogo lililo chini yake. Upepo upo. Swali linalobaki ni uko wapi.

Jumamosi mchana: viziba viwili

Ili kujua kama upepo uko kwenye masta au kwenye paipu za chini, unaitenga masta. Unafungua paipu zote mbili zinazotoka humo, unaziba matundu yake kwa viziba vya chuma, halafu unakanyaga. Masta iliyojaa mafuta matupu ikizibwa hivyo, pedeli inasimama juu na haiendi popote. Ikinesa, ugonjwa uko humo humo ndani au nyuma yake kwenye busta, chombo kinachouongezea mguu nguvu.

Viziba hivi huuzwa, lakini vizuri kuliko vyote ni vile vinavyotengenezwa kwa paipu kuukuu ya gari la aina ileile, kwa sababu nati na mdomo wake uliopanuliwa vinakaa sawasawa kwenye tundu. Kwa Toyota hii nati ni za uzi wa milimita 10, hatua ya milimita 1, na spana yake ni namba kumi. Nilivuka kwa babu anayechomelea kwa gesi.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?”

“Paipu kuukuu ya breki. Nataka vipande viwili vifupi, kila kimoja kibaki na nati yake, mwisho wake uzibwe.”

Aliipokea, akaigeuzageuza kutazama mdomo wa kila nati kama haujapasuka, akakata, akaponda ncha kwa nyundo juu ya reli, akaikunja, akaipondaponda tena, ndipo akaweka shaba juu ya mkunjo. Kabla ya kunikabidhi alipuliza kila kimoja kwa mdomo akiwa ameitumbukiza ncha kwenye kopo la maji. Hakuna kilichotoa povu. Kazi ya mtu anayejua kwamba breki ni roho za watu.

Nimefungua paipu za masta kwa spana inayoikumbatia nati karibu pande zote. Spana ya mdomo wazi inaviringisha kona za nati hizi laini, na ukishaziharibu paipu nzima inatoka. Nikakaza viziba. Mpwa akakanyaga. Pedeli ilinesa vilevile, karibu kama mwanzo.

Hapo paipu zote za chini, kalipa zinazobana disk na silinda ndogo za magurudumu zimetoka kwenye orodha ya washukiwa wakuu. Upepo uko juu ya viziba.

Jumamosi jioni: kwa nini unakaa pale

Masta ya gari kama hili ina pistoni mbili ndani ya tundu moja refu, moja nyuma ya nyingine. Ya kwanza inasukumwa na fimbo ya busta, ya pili inasukumwa na mafuta yaliyo kati yao. Kila moja inalisha mkondo wake, ili paipu ikikatika upande mmoja, mwingine ubaki na breki. Juu ya kila chumba kuna matundu mawili yanayotoka kwenye kikopo: kubwa linalojaza nyuma ya mpira wa pistoni, na dogo sana, ambalo waya mwembamba tu ndio unapita, lililo mbele kidogo ya mpira pale pistoni inapokuwa imepumzika. Tundu hilo dogo ndilo mlango pekee wa upepo kurudi juu. Pistoni ikianza kusogea, mpira unaupita mlango na kuufunga, na kuanzia hapo kilicho mbele kinabanwa.

Sasa tazama masta ilivyofungwa. Haijalala sawa. Kwenye magari mengi pua yake, yaani mwisho ulio mbali na dereva, imeinuka kidogo. Upepo unapanda. Kwa hiyo unakimbilia puani, mbele kabisa ya chumba cha pili, na kule puani hakuna mlango wa kutokea kwenda kwenye kikopo. Ukikanyaga, mafuta yanapita chini ya upepo na kutoka kwenye paipu. Upepo wenyewe unajibana tu, unakuwa mdogo, kisha unatanuka ukiachia. Unaweza kutoa upepo kwenye magurudumu mpaka mafuta yawe meupe kabisa na upepo huu usiondoke pale ulipo.

Na ni kiasi kidogo tu kinachotosha kukuharibia pedeli. Kwenye ubavu wa masta hii pamechorwa 15/16, yaani kipenyo cha takriban milimita 23.8. Kila sentimita moja ambayo pistoni inasogea inasukuma sentimita za ujazo 4.5 hivi. Chukua upepo wa sentimita za ujazo 3, ambao ni chini ya kijiko cha chai. Kwa shinikizo la bar 30 unabanwa hadi kubaki kama 0.1. Pistoni imelazimika kusogea milimita 6.5 bila kazi yoyote, na kama pedeli inazidisha nguvu mara nne, mguu umeshuka milimita 26 bure. Hapo bado hujaanza kusogeza pedi wala shuu.

Wanaofunga masta kavu moja kwa moja kwenye gari wanaingiza vyumba viwili vizima vya upepo kwa pamoja. Sehemu kubwa itatoka kwa kupampu, sitaki kusema haitatoka. Ile ya puani ndiyo inayobaki.

Jumapili: masta mezani

Nimenyonya mafuta ya kikopo kwa bomba la sindano ili yasimwagike, nikafungua nati mbili zinazoishika masta kwenye busta, nikaichomoa pamoja na viziba vyake. Nyuma yake, kwenye uso wa busta, pakavu. Pangekuwa na unyevu wa mafuta ningejua mpira wa nyuma unavuja na mafuta yanaingia kwenye busta, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Kwa kuwa iko wazi, nimekagua fimbo ya busta. Hiki ni kitu kinachosahauliwa sana masta inapobadilishwa. Fimbo ikiwa ndefu kupita kiasi, pistoni hairudi mpaka mwisho, mpira unabaki umeuziba ule mlango mdogo, na matokeo yake ni mawili: upepo haupati pa kutokea, na breki zinajikaza zenyewe zikipata moto kwa sababu mafuta yaliyotanuka hayana njia ya kurudi. Ikiwa fupi mno, mguu unapoteza mwendo kabla pistoni haijaguswa. Toyota wana kifaa maalumu cha kupimia. Mimi nimetumia njia ya wazee: bonge dogo la udongo wa kuchezea watoto kwenye ncha ya fimbo, funga masta, ichomoe tena, tazama udongo umebaki unene gani. Umebaki utando mwembamba unaoona mwanga. Fimbo iko sawa, siigusi.

Masta ya zamani nayo shemeji aliileta ndani ya mfuko, nikaona niifungue kuelewa ilikufaje. Unaisukuma pistoni ndani kidogo, unatoa boliti ndogo inayoizuia pistoni ya pili, unatoa ringi ya nyuma, na pistoni zinatoka. Chini ya tundu kulikuwa na tope jeusi, na ukipitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda unanasa kwenye vijishimo vya kutu, vyote upande wa chini, karibu na pua. Ndiyo sababu siruhusu mtu akanyage pedeli ya gari kuukuu mpaka sakafuni wakati wa kutoa upepo. Kwa matumizi ya kila siku mipira haifiki kule mbele. Siku ukiisukuma mpaka mwisho inaparuzwa na kutu ambayo haijawahi kuigusa, na masta iliyokuwa nzima asubuhi inapitisha jioni. Weka kipande cha mbao chini ya pedeli, kitatosha.

Mafuta

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo panapoua breki nyingi kimyakimya.

Kifuniko cha kikopo kimeandikwa DOT 3, ambalo ni daraja la mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni jamii moja, yanavuta maji kutoka hewani. DOT 3 ikiwa kavu inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji kwa kiwango cha kipimo, asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5 ni silikoni, haichanganywi na hizo nyingine hata kama namba zinafuatana. Tanga ni pwani, unyevu wa hewa ni mwingi mwaka mzima, na chupa iliyoachwa wazi dukani inazeeka ikiwa rafuni. Nanunua chupa iliyofungwa kwa lakiri, ndogo inayoisha kwa kazi moja, na inayobaki siirudishi kwenye gari.

Baya zaidi ni kuongeza oili yoyote iliyo karibu, ya gia au ya usukani, kwa sababu tu kikopo kimepungua. Mipira ya breki za magari haya imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki. Ikikutana na oili ya madini inavimba, inalainika, inaziba ule mlango mdogo, na baada ya hapo kila kitu chenye mpira kwenye mfumo kinatakiwa kubadilishwa. Sikujua pikapu hii imelishwa nini huko nyuma, kwa hiyo nimeyapima yale niliyoyanyonya. Glasi ya maji safi, matone machache ya mafuta ya kikopo, koroga. Mafuta ya breki yanayeyuka na kupotea ndani ya maji. Oili ingeelea juu na kutengeneza duara zinazong’aa. Nimeinua glasi dirishani na kuiangalia kwa ubavu: maji yamekuwa na rangi ya chai hafifu, juu hakuna hata duara moja. Tumesalimika.

Mafuta machafu nimeyaweka kwenye galoni yenye maandishi makubwa, mbali na watoto. Ni sumu, na hayafai kukaa kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa saa moja.

Jumapili mchana: upepo unatoka

Masta nimeibana kwenye jiliwa kwa sikio lake la kufungia, kamwe si kwa mwili. Mwili ukibanwa, tundu linapoteza uduara na mipira haitakaza tena. Nikatoa viziba na mahali pake nikakaza nati mbili zenye vipande vya paipu, kila kipande kimevishwa mpira unaopitisha mwanga, na ncha za mipira nikazirudisha ndani ya kikopo na kuzizamisha chini ya mafuta. Ncha ikichungulia nje tu, pistoni ikirudi inavuta upepo mpya.

Kusukuma natumia kipande cha mti kilichochongwa mviringo, kwa kuwa bisibisi huacha mikwaruzo. Polepole. Hiki ndicho kitu ninachotaka kila anayejifunza akishike: polepole kwenda, polepole kurudi. Ukisukuma kwa nguvu unauvuruga upepo unakuwa povu laini ndani ya mafuta, na povu hilo linachukua muda mrefu kupanda. Nilikuwa nasukuma, nahesabu moja hadi tatu, naachia pistoni irudi yenyewe, kisha nangoja mpaka mafuta yatulie kwenye kikopo ndipo nisukume tena.

Mwanzoni mapovu yalitoka manene kwenye mpira wa chumba cha nyuma, yakifuatana. Mpira wa chumba cha mbele ulitoa kidogo, ukatulia haraka, kana kwamba umemaliza. Hapo ndipo wengi wanaridhika. Nikalegeza jiliwa, nikaishusha pua ya masta ikawa chini kuliko nyuma, nikaikaza tena na kugongagonga mwili kwa mpini wa nyundo wa plastiki. Kwanza halikutokea kitu. Kisha kutoka kwenye tundu la kikopo, la chumba cha mbele, likapanda povu moja kubwa, zito, likapasuka juu ya mafuta. Mpwa wangu akasema, “Mjomba, umeliona?” Nililiona. Likafuatwa na vijipovu vidogo vingi vilivyotoka kwenye ule mlango mdogo kila pistoni ilipofika mwisho wa kurudi.

Kuanzia hapo nilitumia misukumo mifupi, ya milimita chache tu, kufungua na kufunga mlango ule. Msukumo mrefu unapeleka mafuta kwenye paipu. Msukumo mfupi unaupa upepo nafasi ya kupanda wenyewe. Halafu nikaigeuza, pua juu, nikarudia. Nikashusha tena. Nilipoona mafuta kwenye mipira yote miwili yamekuwa safi, hayana hata alama ya povu kwa misukumo kadhaa mfululizo, nikatoa mipira na kurudisha viziba vya babu.

Kipimo cha mwisho mezani: matundu yamezibwa, sukuma pistoni kwa kifua. Isisogee zaidi ya milimita kama tatu. Hii ilisogea kidogo sana, ikasimama. Nimemwita mpwa naye asukume ili mkono wake ukumbuke ugumu huo ulivyo.

Jumatatu jioni: kurudisha kwenye gari

Masta imerudi kwenye busta ikiwa na viziba vyake. Kabla ya kugusa paipu, nimerudia jaribio la Jumamosi: mpwa akakanyaga. Pedeli ilishuka kidogo mno, ikagota. Juu, ngumu, haina mneso. Nimeikanyaga mwenyewe pia, kwa raha.

Kuunganisha paipu unafanya moja kwa moja, kiziba kikitoka paipu inaingia papo hapo huku mafuta yakidondoka, matambara ya maji yakiwa chini. Kisha, mpwa akiwa amekandamiza pedeli taratibu, nalegeza nati robo ya mzunguko, mafuta yanachuruzika, nakaza, ndipo namwambia aachie. Kukaza kwanza, kuachia baadaye. Akitangulia kuachia, masta inavuta upepo kupitia nati na kazi ya jana imepotea. Tulikuwa tunaitikiana kwa sauti ili asiwepo wa kukisia: “Kandamiza.” “Nimekandamiza.” “Nimekaza, achia.” “Nimeachia.”

Nyuma ya gari nimeinua kwa jeki ili masta ikaribie kulala sawa. Stendi nimeziweka chini ya ekseli, siyo chini ya chesisi, na sababu yake ni valvu inayopima mzigo. Hilux hii ina valvu nyuma, yenye mkono uliounganishwa na ekseli. Gari likiwa tupu na nyuma imeinuka, valvu inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge. Ukiliinua gari kwa chesisi, ekseli inaning’inia, valvu inadhani hakuna mzigo kabisa, na mafuta ya nyuma yanapita kwa shida.

Magurudumu yalikuwa kazi nyepesi. Usukani uko kulia, kwa hiyo la mbali kabisa ni nyuma kushoto, tukaanza nalo, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mwisho ile valvu, ambayo ina nipo yake yenyewe imejaa tope la barabarani na inarukwa na wengi. Niliisugua kwa brashi ya waya, nikaipa oili ya kulegeza, ikafunguka. Ilitoa upepo kidogo. Muda wote kikopo hakikuachwa kishuke chini ya nusu.

Dramu pia zilihitaji kukazwa: kupitia tundu la nyuma, gurudumu dogo lenye meno, mpaka shuu ziguse na tairi lizunguke kwa kukwaruza kidogo, halafu meno machache kurudi nyuma. Hii ilipandisha pedeli zaidi, kama ilivyotarajiwa.

Injini ikiwa imezimwa, nimekanyaga mara kadhaa kumaliza nguvu ya busta, nikashikilia pedeli kwa dakika nzima. Haikuzama. Nikawasha injini mguu ukiwa palepale: pedeli ikashuka kidogo na kusimama, ishara kwamba pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya altaneta inafanya kazi na busta inapokea. Kisha jaribio la kikopo kwa mara nyingine. Pampu, shikilia, achia ghafla. Wimbi dogo, basi.

Alhamisi: Soni

Kwenye tambarare kwanza, mwendo mdogo, barabara tupu. Gari linasimama bila kuvuta upande wowote. Nikapapasa karibu na kila ringi baada ya mzunguko: joto la mbele limelingana, la nyuma limelingana, hakuna gurudumu lililokuwa linajibana.

Asubuhi ya leo tumepanda Lushoto, shemeji akapakia kabichi, tukashuka nayo. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 30 za kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na unashuka takriban mita 900. Gari la tani mbili na nusu likishuka kimo hicho linaachia nishati ya megajuli 22 hivi, inayotosha kuchemsha zaidi ya lita nane za maji mpaka yakauke. Yote hayo lazima yaende mahali: kwenye injini kama uko gia ya chini, kwenye disk na dramu kama umeiachia breki kazi yote. Mafuta yenye maji yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mvuke, na mvuke ni upepo mwingine. Pedeli nzuri ya asubuhi inaweza kupotea Soni kabla ya saa nne. Kwa hiyo nimemwomba shemeji ashuke na gia ya pili, agonge breki kwa vipindi na kuziachia zipumue, asizishikilie mfululizo.

“Shemeji, sasa inakamata juu,” alinambia kwenye kona za juu ya maporomoko ya maji. “Zamani nilikuwa naanza kukanyaga kabla sijaiona kona.”

Mombo tumesimama, nikafungua boneti na kulala chini ya gari. Nati za masta kavu. Kikopo kiko pale pale kilipokuwa. Pedeli baada ya mteremko wote ina kimo kilekile cha asubuhi.

Kilichobaki

Hozi laini ya nyuma, ile inayotoka chesisi kwenda kwenye ekseli, ina nyufa ndogo ukiikunja. Haivuji, lakini haitakaa kwenye gari hili kwa msimu mwingine wa kabichi. Nimeagiza halisi. Siku ya kuibadilisha nitakandamiza pedeli kidogo kwa kipande cha mti kilichoegemezwa kwenye kiti, kiasi cha mpira wa pistoni kuupita ule mlango mdogo. Mlango ukifungwa, mafuta ya kikopo hayashuki hata paipu ikiwa wazi, masta inabaki imejaa, na nitahitaji kutoa upepo magurudumu mawili ya nyuma na valvu ya mzigo tu. Viziba vya babu navihifadhi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na spana yake.